Usinipe Manyanga kwa Sababu Sina Sauti

Katika kila kwaya niliyopata kuimba, na nimeimba katika nne, manyanga hupewa mtu asiyejua kuimba. Ni sheria ambayo haikuandikwa popote, na inafuatwa kuliko zote zilizomo kwenye katiba ya kwaya. Sauti ya kwanza wana mahali pao, besi wana mahali pao, mpiga kinanda ana kiti chake na feni yake. Halafu anabaki mtu mmoja ambaye amekuja mazoezini miezi mitatu bila kukosa. Kumfukuza wanaona aibu, kumsikia hawataki. Huyo ndiye anayepewa manyanga. "Chukua haya, tikisa tu."

Mimi nilikuwa mtu huyo. Nilikuwa na miaka 14, pale Kahororo, Bukoba, katika kanisa ambalo sitalitaja kwa sababu mama yangu bado anasali pale. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza nusu ya ubeti, akanishika bega kwa upole kama mtu anayetoa habari za msiba, akaniwekea manyanga mkononi. Tikisa tu.

Ugomvi wangu leo ni na hilo neno "tu".

Mwezi uliopita kwaya yetu ilikaa kikao. Tulikuwa tumechanga shilingi 150,000 kwa ajili ya vyombo vidogo vya kushika mkononi: manyanga, kayamba, na vinginevyo. Mwenyekiti alitaka tuagize Dar es Salaam kwa simu: maraka za plastiki na yale mayai madogo ya kutikisa, rangi mchanganyiko, yanafika kwa basi siku ya pili. Katibu alisema hata hiyo ni kupoteza hela, maana kinanda chetu kina midundo zaidi ya 100 ndani yake na sauti ya manyanga imo, unabonyeza inaanza. Mimi nilipendekeza twende Muleba kwa bibi mmoja anayetengeneza manyanga ya vibuyu, tumpe kazi. Tulikuwa watu 31. Plastiki ilipata kura 19, kinanda kura 10. Bibi wa Muleba alipata kura mbili, yangu na ya mzee mmoja wa besi ambaye nashuku alinionea huruma.

Sina kinyongo na kura. Ninachogombana nacho ni kwamba katika dakika 40 za kikao hakuna mtu aliyeuliza swali moja: vinaliaje? Tulijadili bei, rangi, usafiri, na kama vitaendana na sare. Tulikuwa tunanunua chombo cha muziki, na sikio halikupewa nafasi ya kusema.

Kabla sijaendelea, nikiri. Maraka za plastiki zilizotangulia nilizinunua mimi. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Kariakoo, nikaziona zimening'inia dukani, nyekundu na njano, sare yetu ilikuwa nyekundu na njano. Nilizishika, nikazitikisa mara mbili katikati ya kelele za honi na wachuuzi, sikusikia kitu, nikalipa. Kwa hiyo ninapowasema wanakikao wenzangu, ninasema kwa uzoefu.

Maraka zile ziliishi miezi minane. Zilikufa kwenye mazishi ya shangazi yangu, upande wa Muleba. Kwaya ilikuja na kinanda na jenereta. Mambo yalikwenda vizuri mpaka jeneza lilipokuwa linatolewa ndani, hapo jenereta ikakohoa, ikazima. Mdundo wote ulikuwa ndani ya kinanda. Tulikuwa tumeuimba wimbo ule mwaka mzima juu ya mdundo wa mashine, na mashine ilipokaa kimya tuligundua kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa na mwendo wa wimbo mwilini mwake. Sauti ya kwanza wakakimbia, besi wakabaki nyuma. Watu wote wakageuka kunitazama mimi, mwenye manyanga.

Nikatikisa. Chini ya migomba, mbele ya watu mia mbili na zaidi, plastiki ilitoa sauti kama ya mtu anayepekua mfuko wa karanga. Mstari wa pili haukusikia. Nikatikisa kwa nguvu zaidi, na kwenye ubeti wa tatu mpini ukachomoka. Kichwa cha maraka kikaanguka, kikapasuka, shanga zikatawanyika kwenye udongo mwekundu mbele ya jeneza la shangazi yangu. Mtoto mmoja akacheka. Simlaumu, ningekuwa mtoto ningecheka.

Kilichotuokoa ni bibi mmoja jirani wa marehemu. Pale uwanjani kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye jamvi. Aliokota kopo tupu la maziwa ya unga, akatia kahawa kavu kiasi cha viganja viwili, akafunika mdomo wa kopo kwa kiganja, akaanza. Hakutikisa kwa nguvu. Alisogeza mkono mbele na nyuma, mfupi, kama anayepepeta. Pigo la nne la tano hivi, besi walikuwa wamerudi. Ubeti uliofuata tulikuwa kwaya tena, na tulifika kaburini pamoja.

Baada ya mazishi nilimfuata kumshukuru. Nikamwamkia, nikakaa chini kwenye nyasi alizotandika. Nikamwambia, "Waitu bibi, mimi nimetikisa hivyo hivyo, mbona hawakunifuata?"

Akasema, "Mwana wange, wewe ulikuwa unatikisa wimbo ukishafika. Manyanga hutikiswa wimbo ukiwa njiani."

Nilidhani ni fumbo la kizee. Sasa najua ni maelezo ya kifundi kabisa. Ngoma ukiipiga, sauti inatoka hapo hapo mkono unapogusa ngozi. Manyanga hayako hivyo. Unaposogeza mkono, mbegu zilizo ndani zinabaki nyuma kidogo, kisha zinasafiri, kisha zinagonga ukuta wa upande wa pili. Sauti inatoka pale zinapogonga, nao mkono wako ulishaondoka zamani. Kwa hiyo mpiga manyanga hana budi kuanza kabla ya pigo. Kama anasubiri kusikia wengine ndipo atikise, amechelewa, na atachelewa kila pigo mpaka wimbo uishe. Mtu asiyejua wimbo hawezi kuitangulia kwaya. Na ninyi kazi hiyo mnampa yule mnayeamini hajui wimbo.

Ndiyo maana nasema, ukinipa manyanga kwa sababu sina sauti, umenitukana mimi na umeyatukana manyanga. Mpe mwenye sikio kuliko wote. Ikibidi, mpe mwalimu.

Ukishakubali hilo, suala la kuchagua linabadilika. Huchagui tena pambo la kwenda na sare. Unachagua kitu kitakachobeba mwendo wa watu 31, na hapo kila sehemu ya chombo inahusika.

Ganda kwanza. Plastiki nyembamba hutoa sauti ya juu, fupi, kavu. Inafaa ndani ya chumba kidogo, inafaa mbele ya maikrofoni ya studio, na yale mayai ya kutikisa yalipata umaarufu kwa sababu hiyo: yanakaa kiganjani, hayamezi sauti ya mwimbaji. Nje, chini ya migomba, hayana kazi. Bati lina kelele inayofika mbali lakini inachoma masikio. Kibuyu kilichokaushwa vizuri kiko katikati: ukuta wake ni kama ubao, una kilio cha ndani kidogo, na kila kimoja kina sauti yake. Ukitaka jozi, chukua viwili visivyolingana. Kimoja kiseme juu, kingine kijibu chini. Jozi ya kiwandani hulia sawasawa mkono wa kulia na wa kushoto, na anayesikiliza hachelewi kuchoka.

Kisha kilicho ndani. Mbegu nzito na ngumu hutoa pigo linalokatika, unajua limeanza wapi na limeishia wapi. Mchele na mtama hutoa mchakacho laini, mzuri kwa wimbo wa polepole. Maharage hufa haraka, yanavunjika na kutoa unga, na wadudu wakiingia una msiba mwingine. Usijaze. Kosa la watu wengi ni kudhani mbegu nyingi ndiyo sauti kubwa. Mbegu zikibanana hazisafiri, na zisiposafiri hazigongi. Viganja viwili ndani ya kopo lile vilitosha.

Kayamba ni habari nyingine. Wenyewe wa pwani na Wamijikenda wanaijua kuliko mimi: matete yamepangwa kama mkeka, safu mbili, yamefungwa kwa kamba kwenye vijiti, katikati zimo mbegu. Inashikwa kwa mikono miwili na kulazwa huku na huku. Sauti yake ni ndefu, kama mvua inayotembea juu ya paa, na dole gumba linaweza kugonga pigo juu yake. Kwaya nyingi za bara zimeichukua, na zimefanya vyema. Ila ukinunua kayamba, uliza mbegu ni gani. Mara nyingi ni maturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi. Ni nzuri kwa sauti na kwa macho, lakini zina sumu kali. Mtoto akizitafuna zinaweza kumuua. Kayamba iliyopasuka tete haifai kuachwa kwenye darasa la chekechea. Hata shanga ndogo za maraka ya plastiki iliyopasuka zinaweza kumkaba mtoto. Kwa hiyo kabla ya kununua chombo cha watoto, kikunje, kivute, kitikise kama wao watakavyokitikisa. Wao hawatatikisa "tu".

Najua majibu yenu. Nimeyasikia yote kikaoni.

La kwanza ni bei. Maraka za plastiki ni rahisi. Nakubali, siku ya kununua ni rahisi. Zangu nilizilipia 12,000 zikaishi miezi minane, na mwisho wake mmeusikia. Manyanga ya kibuyu yakitunzwa mbali na maji na panya yanakaa miaka. Lakini sitaki kushinda kwa hesabu, kwa sababu hata kama plastiki ingedumu miaka 100 bado ingelia vile vile.

La pili alinong'onezwa jirani yangu, halafu likapita benchi zima: vibuyu ni vya waganga. Hapo nilicheka, kisha nikasikitika. Ni kweli waganga hutikisa vibuyu. Wanatumia pia maji, moto, kisu, shuka jeupe na kiti cha miguu mitatu, na sijaona kanisa lililoacha maji. Waluteri mnisamehe kwa kuanza na mfano wa Wakatoliki, lakini ni mfano wa nyumbani. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Laurean Rugambwa kuwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi kupata cheo hicho, mtoto wa Kagera ambaye baadaye alikuwa askofu wa Bukoba. Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Tarehe 4 Desemba 1963 maaskofu wa dunia nzima waliipigia kura hati juu ya liturujia: ndiyo 2,147, hapana 4. Ndani ya hati hiyo, kinanda cha mabomba kinapewa heshima yake, lakini vyombo vingine navyo vinaruhusiwa ibadani vikifaa na mamlaka ya mahali ikiridhia, na muziki wa watu wa kila nchi unatakiwa kuthaminiwa. Zaidi ya miaka 60 imepita. Askofu wetu alikwenda Roma akarudi na ruhusa, sisi tumekaa hapa Kahororo tunakiogopa kibuyu.

La tatu linatoka kwa watu kama wewe na mimi, tuliosoma. Linasema: "Hongera, ni muhimu kulinda asili yetu." Asante, lakini hapana. Sitetei asili. Nikitetea asili nitashindwa, na nitaeleza kwa nini.

Yale manyanga ya vibuyu ya majirani zetu wa Uganda, ambayo Waganda huyaita ensaasi, ndani yana mbegu nyeusi ngumu kama risasi. Zinatoka kwenye ua lile la majani mapana na maua mekundu au ya njano linalopandwa kando ya nyumba. Wataalamu wa mimea huliita Canna indica. Asili yake ni Amerika. Hivyo, ndani ya chombo tunachokiita cha jadi kuna mgeni aliyevuka bahari. Sasa geuza upande wa pili. Neno maraka limetokana na lugha za watu wa asili wa Amerika ya Kusini, na miongoni mwa vyombo vya jamii hiyo vimo vilivyotengenezwa kwa mabuyu. Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mabuyu ya kale ya Amerika, wakaonyesha kuwa yana undugu na mabuyu ya Afrika, na kwamba huenda yalielea yenyewe kuvuka Atlantiki maelfu ya miaka iliyopita. Buyu letu lilikwenda kwao bila pasi ya kusafiria, mbegu yao ikaja kwetu. Ukitaka usafi wa asili, hapa hutaupata.

Kwa hiyo ukiniletea maraka nzuri ya kutoka Kolombia, inayolia, nitaipokea kwa mikono miwili. Na ukiniletea manyanga ya Kitanzania yaliyochorwa twiga na pundamilia, yamejazwa kokoto mbili, yanalia kama meno ya mgonjwa wa malaria, nitakurudishia. Ndugu zangu wa Dar na Nairobi mnaotundika kayamba ukutani juu ya televisheni, nanyi mmo katika ugomvi huu. Mwenyekiti wangu alinunua kwa kuangalia rangi ya sare, ninyi mmenunua kwa kuangalia rangi ya sofa. Nyote hamkusikiliza. Saida Karoli alipotoka Kagera na "Maria Salome" mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi nzima ilicheza Kihaya bila kukielewa. Haikucheza kwa ajili ya kulinda asili. Ilicheza kwa sababu muziki uliingia mwilini.

Ninachotetea ni vitu viwili. Sikio, na mkono wa mtu anayejua.

Maana yule bibi wa kopo la kahawa ndiye fundi mwenyewe. Sikujua siku ile. Nilirudi kwake baada ya 40 ya shangazi, nikamuuliza kama anaweza kunitengenezea manyanga. Akanionyesha kamba iliyokuwa inaning'inia juu ya meko, tupu. Zamani vibuyu vilikuwa vinakauka pale kwa moshi. Alieleza bila kulalamika: kibuyu unakipanda mvua zinapoanza, kinapanda juu ya uzio au mti wa kibanjani, kinakaa miezi mpaka mshikio wake unakauka wenyewe, unakichuma, unakitundika, miezi mingine. Ukikikata kabla, kinaoza au kinakunjamana. Kazi ya karibu mwaka mzima. Kwaya ya mwisho iliyomwagiza ilibadili nia na kununua za dukani vibuyu vikiwa tayari vimekauka. Alivigawa kwa watoto. Msimu uliofuata hakupanda, na uliofuata hakupanda.

"Mbegu zipo?" nilimuuliza.

Alinyanyuka, akaleta kitambaa kilichofungwa fundo. Zilikuwa mbegu kumi na moja. Alisema za umbo lile dogo la duara lenye shingo nyembamba, linalofaa mkononi, hajaziona kwa jirani yeyote siku hizi. Wanaopanda wanapanda makubwa ya maji na ya pombe, na hayo yenyewe yanapotea kwa sababu kila mtu ana dumu.

Ndiyo sababu nilisimama kikaoni na kupoteza kwa kura mbili. Mkinunua plastiki leo, kesho hamtaweza kubadili mawazo. Dukani unaweza kurudi wakati wowote. Kwenye kitambaa cha mbegu kumi na moja huwezi, mbegu ya kibuyu nayo huzeeka, na bibi pia. Atakapoondoka, atakayekuja kusema "tungetaka yale ya zamani" atapata ya pundamilia.

Baada ya kikao nilimtumia bibi shilingi 40,000 za mfukoni mwangu kwa simu ya mjukuu wake, malipo ya awali ya manyanga ambayo bado ni mbegu. Mjukuu alinipigia siku mbili baadaye, akaniambia bibi amekwishatayarisha mashimo sita kando ya uzio, mbegu tano ameziweka akiba, na anauliza kama kwaya inataka jozi ngapi.

Sikumwambia kuhusu kura. Nilimwambia nitampa jibu. Mvua za vuli zikianza vitapandwa, na itapita karibu mwaka kabla havijakauka. Nina muda huo wa kuwashawishi watu 29, na nitaanza na mwenyekiti. Jumapili hii nampelekea kopo la maziwa lenye kahawa kavu viganja viwili, nimwombe atuongoze wimbo mmoja bila kinanda.